Machi, Mwezi wa Kulala kwa Upepo

Pale kwenye mwalo wa Nyakasenge, bandari ndogo ya wavuvi upande wa Geita ambako nchi kavu inakomea ziwani, watu walimwita Scolastika Mama Upepo, ingawa hakuwa na mtoto wala mume. Jina hilo lilimpata mwaka ule alipokuja kutoka Shinyanga na mlingoti wa chuma, akausimika kwenye miamba nyuma ya vichanja vya dagaa, na juu yake akafunga vikombe vidogo vya kuzunguka. Wengi walidhani ni mnara wa simu, wakafurahi. Alipowaeleza kwamba ni wa kupimia upepo, mzee mmoja mwenye nyavu alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, yaani unalipwa mshahara uje uone kama huku kuna upepo? Si ungetuuliza sisi?"

"Na ninyi nitawauliza, baba," akajibu, na kweli aliwauliza.

Alichokuwa anakitafuta si upepo wa leo wala wa kesho. Alitaka kujua tabia ya ule upepo mkali unaokimbia chini chini kandokando ya ufuko: mwezi gani unaamka, wakati gani wa siku unapata nguvu, na unapita kasi zaidi kimo gani. Kwa miaka minne alikuja na kurudi, akipandisha maputo yake alfajiri na kuyafuata kwa darubini mpaka yamezwe na anga. Akaujua upepo ule kama mtu anavyomjua jirani. Kuanzia Juni, nchi kavu inapopoa usiku na ziwa likabaki na joto lake, upepo hushuka ukabanwa kati ya vilima na maji, ukateleza juu kidogo tu ya mapaa, kwa kasi ambayo mtu aliyesimama chini haiamini. Jua likianza kupanda unakuwa umekwisha kufika majini, na mwenye mtumbwi ataujua. Ukiingia Novemba unachoka. Machi unalala kabisa. Ukiitazama michoro yake yote, mstari wa upepo ulishuka Machi ukawa bapa, kama mtu aliyejinyoosha mkekani.

Shule hiyo yote aliipata kwa mgongo wa kaka yake.

Otmar alikuwa mkubwa wake kwa miaka sita. Baba yao alipofariki huko Ushirombo, na shamba la mihogo likawa halitoshi, Otmar alichukua nguo zake akaenda Rwamgasa kuchimba. Aliingia duarani, ndani ya shimo la dhahabu, akiwa kijana ambaye ndevu hazijajaa, akatoka humo na mabega mapana na kikohozi. Kila alipopata kidogo alipeleka nyumbani, na sehemu ya dada yake haikuguswa. Scolastika alipomaliza chuo kikuu, Otmar alikuja kwenye mahafali na vumbi la mawe bado limo kwenye mikunjo ya shingo, akasimama kati ya wazazi wenye suti akapiga vigelegele kama mwanamke. Watu waligeuka. Hakujali. "Mimi nimechimba chini," alimwambia dada yake siku hiyo, "wewe chimba juu."

Kisha duara moja liliporomoka likamfukia mwenzake aliyekuwa akila naye sahani moja. Otmar alitolewa mzima, lakini mama yao, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Otmar, alifunga safari akamfuata huko huko Rwamgasa, akaketi chini mbele ya kambi ya wachimbaji akasema haondoki bila mwanawe. Otmar akaondoka naye. Akauza hisa yake ya duara, akanunua boti ya mbao yenye injini, iliyotumika, akaipaka rangi ya buluu. Wakati huo huo kisiwani Bwihila kulikuwa kumelipuka rashi. Watu walikuwa wamemiminika huko kutafuta dhahabu, na kila kitu walichohitaji, unga, saruji, magodoro, mashine, kilipitia Nyakasenge. Mama Otmar alitoa sadaka ya shukrani kanisani kwamba mwanawe ametoka shimoni.

Krismasi ile walikuwa wote nyumbani. Otmar na dada yake walikaa nje ya jiko wakimenya mihogo, na Jenifa, mke wa Otmar, alikuwa ndani akikaanga nyama.

"Nataka nianze safari za mzigo mkubwa," Otmar alisema. "Niambie wewe uliyesoma. Mwezi gani upepo unalala?"

"Upepo wa ufukoni?"

"Huo huo unaotuangushia watu."

"Machi," Scolastika akasema bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa jina lake. "Machi unalala."

"Una uhakika?"

"Kaka, nimeupima miaka minne. Ila mvua za Machi nazo zina upepo wake, huo usiuchezee."

Otmar akacheka, akatupa muhogo kwenye sufuria. "Mvua naijua tangu sijazaliwa." Halafu akainua sauti kuelekea jikoni. "Jenifa! Umesikia? Machi! Nina dada anayejua siku za upepo kulala!"

Jenifa aliitikia kwamba amesikia.

*

Wiki ya pili ya Machi, Scolastika alikuwa chumbani kwake Ngokolo, mjini Shinyanga, akipiga pasi gauni la kwendea kazini, simu ilipoita. Ilikuwa sauti ya Jenifa, lakini hapakuwa na maneno. Kulikuwa na kilio tu, na nyuma yake vilio vya watu wengine. Scolastika aliita, "Wifi! Wifi!" mpaka akasikia pasi inaunguza.

Habari kamili aliikuta Ushirombo kwenye msiba, na aliyeileta alikuwa Mageni, nahodha wa ile boti. Mageni alikuwa Msukuma wa makamo, mtu mpole, asiyejua kusema jambo kwa kuzunguka. Aliketi kati ya wanaume chini ya turubai, miguu yake imechubuka, akasimulia kila mgeni alipofika na kumwuliza. Scolastika aliposhuka kwenye basi akaingia uani na begi mkononi, Mageni alikuwa ameanza kusimulia tena.

Walipakia mapema. Walikuwa na mashine ya karasha, ile ya kuvunjia mawe ya dhahabu, mpya, nzito, na saruji juu yake, na abiria wakaketi juu ya saruji. Ziwani, upande wa kaskazini, wingu lilikuwa limesimama jeusi kama ukuta wa jiko.

"Nikamwambia, bosi, tungoje hilo lipite. Akaniambia, Mageni, huu ni Machi. Machi upepo umelala, dada yangu ameupima kwa mashine. Mimi ni nani nibishane na mashine? Tukaondoka. Tulipofika katikati, lile wingu likafungua kinywa. Baridi ikashuka kwanza, halafu upepo, halafu ndiyo mvua. Karasha likateleza. Likishateleza karasha, boti imekwisha."

Otmar alikufa. Alikufa pia Melania, mama aliyekuwa akipeleka vitenge kisiwani, na wachimbaji wawili kutoka Bugarama ambao jamaa zao walichelewa kupatikana. Mageni na wengine walishikilia madumu matupu ya mafuta mpaka mtumbwi wa dagaa ukawaokota. Hakuna aliyekuwa amevaa boya, kwa sababu ndani ya boti hapakuwa na boya.

Mageni alipoinua macho ndipo akamwona Scolastika. Hakuwa amekusudia ubaya. Alisimama akampa mkono wa pole.

Scolastika aliingia ndani kwenye chumba cha wanawake. Mama yake alikuwa mkekani, kanga kichwani, amegeukia ukuta. Scolastika akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

Wanawake walikuwa wameacha kusali rozari.

"Marahaba," Mama Otmar akasema ukutani.

Jenifa alikuwa kando yake, macho yamevimba, mtoto mchanga amelala mapajani. Alimtazama Scolastika kama mtu anayetazama kwa mbali akijaribu kutambua ni nani anakuja.

"Wifi," akasema polepole, "nilikuwa jikoni siku ile. Nilisikia. Ulimwambia Machi upepo unalala. Sikusikia vibaya?"

"Hukusikia vibaya, wifi. Nilimwambia upepo wa ufukoni. Ule nilioupima. Huu uliopindua boti si huo, huu ni upepo wa mvua, unashuka kutoka kwenye wingu. Ni mwingine kabisa. Na nilimwambia. Nilimwambia mvua za Machi zina upepo wake."

Alijisikia akisema hayo, na akajua kwamba sauti yake ilikuwa ile ya darasani. Hakuna aliyelisikia onyo lile ila mtu mmoja, na huyo alikuwa sebuleni ndani ya sanduku.

"Kumbe pepo ni mbili," Jenifa akasema. "Mimi mume wangu alikuwa mmoja."

*

Baada ya mazishi, mkutano uliitishwa mwaloni Nyakasenge. Watu wanne wamekufa, na jambo hilo lisingeweza kuachwa lipite hivi hivi. Lazima kisemwe kilichotokea, jambo liandikwe, lifungwe. Alikuja mkubwa mmoja wa serikali kutoka mjini, mwenye shati lililonyooshwa na viatu asivyotaka vishike mchanga. Aliposikia kwamba yule mtaalamu wa upepo ndiye dada wa marehemu, alimwita pembeni, nyuma ya ghala la barafu.

"Pole sana, dada yangu," alianza. "Tena pole kweli. Sasa, wewe ndiye msomi hapa. Watu watakusikiliza. Ninachokuomba ni kidogo tu. Waeleze kwamba ule upepo ulikuwa wa ajabu. Haujawahi kutokea. Kazi ya Mungu."

"Haukuwa wa ajabu," Scolastika akasema.

"Nisikilize kwanza. Ukisema ulikuwa wa ajabu, nani ana kosa? Hakuna. Marehemu anapumzika. Mjane wake anapumzika. Wewe mwenyewe unapumzika, maana nasikia maneno yanayosemwa juu yako. Na sisi tunafunga faili tunarudi kazini. Unamwumiza nani?"

Alisema kwa upole, na ubaya wa maneno yake ni kwamba hayakuwa ya kipumbavu. Scolastika aliyafikiri. Akamfikiri Jenifa na mtoto wake mapajani, akamfikiri mama yake aliyegeukia ukuta. Neno moja tu la uongo, na upepo haungemkanusha.

Mageni naye alimfuata, kofia mkononi. "Mama Upepo, nakuomba. Sema ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Mimi nina watoto. Wakisema boti ilizidishwa, atakayefungwa ni nahodha."

Angeweza kusema. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema, na kila mara alipata jibu tofauti. Lililo wazi ni kwamba alipogeuka kurudi kwenye mkutano, macho yake yaliangukia majini. Boti nyingine, ya kijani, ilikuwa inapakiwa kwa safari ya Bwihila. Vijana waliingia maji ya kifuani wakibeba saruji vichwani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa tayari ameketi juu ya magunia, anakula chapati. Ukingo wa boti ulikuwa umebakiza kiganja kimoja juu ya maji, na upande wa kaskazini wingu lilikuwa linajikusanya kama linavyojikusanya kila siku ya Machi. Na palikuwa na kitu kingine pia, ambacho hakupenda kukitazama: kiburi. Miaka minne alikuwa ameusema upepo kama ulivyo. Hakuweza kuvumilia usingiziwe.

Watu waliketi mchangani na juu ya mitumbwi iliyogeuzwa. Mkubwa akamkaribisha mtaalamu. Scolastika akasimama.

"Upepo ule nimeutazama kwenye vipimo vyangu," akasema. "Mlingoti uko hapo, uliupima. Haukuwa upepo wa ajabu. Upepo wa namna ile unashuka kutoka kwenye mawingu ya mvua kila masika, tena mara nyingi. Uliwahi kushuka mwaka jana na mwaka juzi, na utashuka tena mwezi huu huu. Boti iliyopakiwa inavyostahili ingetikiswa, watu wangelowa, wangefika. Ile ilizidishwa. Mashine haikufungwa kamba. Maboya hayakuwamo. Na hapa mwaloni hakuna mtu anayekagua boti hata moja. Hata ile inayopakiwa sasa hivi, itazameni. Nani ameikagua?"

Vichwa viligeuka kuelekea boti ya kijani. Mkubwa aliinuka haraka.

"Tunamshukuru mtaalamu wetu," akasema kwa sauti ya kufunga. "Tumesikia wenyewe, tena kutoka kwa ndugu wa damu. Mwenye chombo alizidisha mzigo. Basi, mambo yamekuwa wazi."

"Sijamaliza," Scolastika akasema. "Nimesema hakuna anayekagua."

"Tumekuelewa, dada. Keti tafadhali, una msiba."

Ndipo akasimama mwanamume mmoja mrefu, mkavu, aliyekuwa amekaa peke yake ukingoni mwa watu. Alikuwa Wiliam, mume wa Melania. Alikuwa amevaa kitenge cha mkewe shingoni kama skafu.

"Mimi nina swali moja tu," akasema. "Kwa hiyo aliyemwua mke wangu si upepo. Ni kaka yako."

"Sikusema hivyo, kaka."

"Umesema kwa Kiswahili. Sote tunakijua."

Boti ya kijani iliondoka kabla mkutano haujaisha. Ilifika salama.

*

Mageni hakufungwa, hakuna aliyefungwa. Wala maboya hayakuja. Lakini maneno yana miguu, na yale ya Scolastika yalitangulia kufika Ushirombo kuliko yeye. Kabla ya mwezi kuisha, wazee wa ukoo wa Wiliam walikuja nyumbani kwa Mama Otmar na fimbo zao, wakakaribishwa viti, wakakataa maji. Walikuja kudai njigu, ng'ombe wa damu. Walisema kwamba kama ingekuwa upepo wasingedai kitu, maana upepo hauna zizi. Ila sasa ukoo wa mwenye boti wenyewe umetamka mbele ya watu kwamba kosa ni la mtu wao. Baba mdogo wa Scolastika alijaribu kuwaomba. Walimjibu kwa heshima kwamba hawakuzua neno, neno limetoka humu humu.

Zizi lilifunguliwa. Ng'ombe ambao Otmar aliwanunua mmoja mmoja kwa jasho la Rwamgasa waliswagwa barabarani asubuhi, na Jenifa alisimama mlangoni akiwatazama. Hakulia. Juma lile lile kaka zake walikuja kumchukua, akaondoka na watoto kurudi kwao. Mwanamke asiyekuwa na mume wala ng'ombe angekaa pale kula nini? Scolastika alimpigia simu kumwambia kwamba atawasomesha watoto, mkubwa anaweza kuja kukaa naye Ngokolo. Jenifa alisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, wifi," alisema. "Lakini waache wasijue sana."

Tangu hapo namba yake haikupatikana tena.

Kazi iliendelea. Aprili, Scolastika aliketi mezani mjini Shinyanga akaingiza vipimo vya mwezi uliopita, kama alivyofanya kila mwezi. Siku ile ilikuwamo kati ya nyingine: upepo mkali wa muda mfupi, ukafuatwa na utulivu. Kompyuta ikachanganya Machi hii na Machi zilizotangulia, ikachora upya mstari wa mwaka. Aliutazama. Akaweka mchoro wa zamani na mpya pamoja, mmoja juu ya mwingine. Haikuonekana tofauti. Machi ilikuwa bado bapa, bado imelala. Watu wanne walikuwa wamezama, na wastani haukutikisika hata unene wa unywele. Ripoti yake ilikuwa sahihi, na ingebaki sahihi. Mkuu wake wa kazi alimpongeza kwamba ameshika kazi kiume pamoja na msiba. Alikwenda chooni akafungua bomba la maji, akasimama pale mpaka mtu akabisha mlango.

Mavuno ya mpunga yalipofika alikwenda Ushirombo. Hakutoa taarifa, maana aliogopa kuambiwa asije. Alimkuta mama yake uani anapepeta mchele. Ungo ulipanda na kushuka, makapi yakapeperuka. Alikuwa amekonda, na shingo yake imekuwa ya mtu mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Habari za safari?"

"Nzuri, mama."

"Shinyanga hawajambo?"

"Hawajambo."

Mama Otmar akamletea kiti. Si kigoda cha jikoni. Kiti chenye mto, kile cha sebuleni. Scolastika alikataa akataka kuchukua ungo amsaidie. Mama yake akauvuta ungo taratibu upande wake.

"Utachafuka," akasema.

Akakaa kwenye kiti. Baada ya muda akasema yote. Alisema hakukusudia kumwumiza Jenifa. Alisema alikuwa ameona mama na mtoto mgongoni juu ya magunia. Alisema angesema uongo, wangekufa wengine, na kwamba Otmar mwenyewe, laiti angekuwa hai, asingetaka hivyo. Mama Otmar aliendelea kupepeta. Alipomaliza ungo ule, aliumimina kwenye ndoo, akajipangusa mikono kwa kanga.

"Wamekufa wengine?" akauliza. "Tangu siku ile, wameacha kuzidisha mzigo huko?"

Scolastika alikuwa ametoka huko majuzi, alikuwa ameona hawajaacha.

"Mimi sikwambii ulisema uongo," mama yake akasema. "Ulisema kweli. Shule ilikufundisha kusema kweli, na kaka yako aliilipia. Lakini kunyamaza hakufundishwi shule, mwanangu. Kunafundishwa nyumbani. Hilo kosa langu mimi, sikukufundisha."

Alisema bila hasira yoyote. Kisha akainuka akaenda kuwasha moto.

Jioni Scolastika alitandikiwa meza sebuleni. Binti wa jirani alikuja na jagi na beseni akamnawisha mikono, amepiga goti, kama mgeni anavyonawishwa. Mama Otmar akaleta wali wa mpunga mpya na kuku mzima, sahani zimefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa, kile kilichokuwa kinatolewa padri anapokuja. Akapanga kila kitu vizuri, akasogeza chumvi.

"Karibu chakula," akasema.

"Mama, tule wote."

"Wewe kula. Mimi nina kiporo changu huko."

Akatoka. Kupitia dirishani Scolastika alimwona ameketi chini jikoni na yule binti wa jirani, wanakula kwenye sufuria moja, wanazungumza Kisumbwa, lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini. Mara moja binti akasema kitu, na mama yake akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini kilikuwa kile kile alichokijua tangu utotoni. Alikaa na sahani zake mpaka zikapoa, halafu akala, maana kuku wa mgeni asipoliwa ni matusi.

Asubuhi mama yake alimsindikiza mpaka barabarani, akimbebea begi. Alikataa kupokewa. Walisimama kando ya lami wakingoja gari la Kahama, wakizungumzia mvua, bei ya mpunga, na jirani aliyeumwa mguu. Gari lilipokuja, Mama Otmar alimkabidhi begi lake na mchele kidogo wa kupelekea watu wa Shinyanga, akampa mkono.

"Umetukumbuka, asante," akasema. "Karibu tena."